Injini Tuliyoifunga kwa Ngozi

Sikumwona bweha. Naanza na hilo kwa sababu wapo watu, na baadhi yao ni wa ukoo wangu mwenyewe, wanaosimulia habari hii kana kwamba nilisimama shambani na rungu mkononi. Sikuwapo. Mke wangu alipoumwa nilikuwa darasani, katika shule ya Mlali, nikifundisha kugawanya kwa tarakimu mbili. Kwamba mnyama yule alikuwa akiyumba, kwamba povu lilimtoka kinywani na hakuogopa watu, hayo niliyasikia kutoka kwa mwanamke mmoja aliyekuwapo. Kwamba alikuwa jike mwenye watoto katika kichuguu, na hakuwa na lolote ila kuwatetea wanawe, nalo nililisikia, kutoka kwa mwanamke mwingine aliyekuwa akipalilia mtama katika shamba lile lile, hatua thelathini kutoka kwa yule wa kwanza. Wanawake walimuua kwa majembe, kisha wakamchoma moto pamoja na majani aliyoyadondoshea mate. Nilipofika shambani nilikuta majivu na mifupa, na mifupa haisemi kama mwenyewe alikuwa na kichaa cha mbwa au la.

Nilichokiona ni mkono. Ulikuwa wa kulia, na chini ya kidole gumba palikuwa na matundu manne, mawili kati yake ya kina. Niliuosha kwa sabuni na maji mengi hadi mke wangu akalalamika kwamba namsugua kama sufuria iliyoungua. Kuanzia hapo, yote ninayoyaandika niliyaona au niliyatenda, na pale nitakapolazimika kutaja la kusikia nitasema kuwa ni la kusikia.

Ilikuwa Jumatatu, katikati ya masika, wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya mashamba makubwa ya karanga ya Kongwa kuachwa na mitambo yake kuuzwa. Alasiri ile ile nilimpeleka mke wangu kwa dresa wa zahanati yetu, kijana msomi aliyekuwa mwangalifu katika kusema.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, akaushika mkono wa mke wangu na kuugeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Dawa ya hii sina. Kongwa nako hawana. Iko Dodoma, hospitali ya serikali, na hukaa mahali pa baridi. Sindano kumi na nne, za tumboni, moja kila siku."

"Na kama mnyama hakuwa na kichaa?"

"Basi atakuwa amechomwa bure, na atakutukana wewe, si mimi."

Mke wangu akacheka. Dresa hakucheka. Alifungua kitabu chake cha tiba, akanigeuzia ukurasa nisome mwenyewe, kwa kuwa alijua mimi si mtu wa kuambiwa. Niliisoma ile sentensi mara mbili. Ilisema kwamba mgonjwa akishaanza kuogopa maji, hakuna dawa tena, na kwamba faida yote iko katika kuwahi.

"Anzeni leo," alisema dresa, "hata kwa miguu."

Nataka msomaji ayashike maneno hayo, kwa kuwa mimi sikuyashika.

Basi lililokuwa likituunganisha na Dodoma lilikuwa halijaonekana kwa wiki tatu. Mvua zilikuwa zimebomoa kivuko, na mwenye basi alingoja maji yapungue. Lakini kaka yangu mkubwa alikuwa na motokaa. Ilikuwa ya kizamani hata kwa wakati ule, yenye magurudumu ya mbao na paa la turubai, na aliinunua kwa mfanyabiashara wa nguo wa Kihindi mjini Dodoma, akaikata nyuma na kuijengea sanduku la mbao la kubebea mizigo. Jinsi ilivyokuwa nyepesi, aliweza kuivusha mahali ng'ombe walipovukia, ambako basi lisingethubutu. Tatizo ni kwamba injini yake ilikuwa imepasuka. Kwa miaka mingi ilinyweshwa maji ya visima vyetu vya chumvi, chuma kikaliwa kwa ndani, na siku moja bloku, mwili wenyewe wa injini, likapasuka kama chungu.

Kaka alikuwa amepata injini nyingine, ya kisasa, iliyotolewa katika kilori kidogo cha Kongwa. Ilikuwa na nguvu karibu mara mbili ya ile ya zamani. Ilikuwa na pampu yake ya maji na stata ya betri, hivyo mtu hakuhitaji tena kuvunjika mkono kwa kuzungusha hendeli. Na fundi alikwisha kuja: Mrangi wa milima ya Kondoa, mtu mzima mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono, aliyejifunza ufundi katika karakana za mashamba yale. Siku niliyotoka kwa dresa nilimkuta amelala chini ya motokaa, miguu nje.

"Fundi, lini?" nilimuuliza.

"Siku mbili, Mwalimu, inshallah."

Kaka akanivuta pembeni. "Mdogo wangu, kwa miguu ni siku nne. Fundi anasema mbili, na safari ni nusu siku. Utampitisha mgonjwa porini kwa miguu wakati motokaa ipo?"

Motokaa ilikuwapo, injini haikuwamo. Lakini hesabu ya kaka ilikuwa sahihi katika tarakimu zake, na mimi ni mtu wa hesabu. Mbili na nusu ni pungufu ya nne. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba tutakwenda Alhamisi asubuhi kwa motokaa.

"Wewe ndiye uliyesoma," alisema.

Jumanne tulisimamisha magogo matatu juu ya motokaa, tukayafunga vichwa, tukatundika kapi, na wanaume sita wakavuta kamba. Injini ya kisasa ilipanda ikining'inia, nyeusi, ikidondosha mafuta, kisha ikashuka mahali pake, na haikuingia. Ilikuwa ndefu kuliko ya zamani kwa shubiri nzima. Fundi aliitazama kama mtu anayetazama jeneza lililokatwa fupi.

"Si uliipima?" kaka aliuliza.

"Niliipima hiyo mpya. Hii ya zamani nilipokuja ilikuwa imeshatolewa. Nipime hewa?"

Ikatolewa tena. Kutwa nzima ile fundi alikata ubao unaotenganisha injini na miguu ya dereva, akaisogeza rejeta ya kupozea maji mbele hadi ikatokeza nje kama meno ya ngiri. Kila saa moja nilitoka darasani, nikaenda hadi uani kwa kaka, nikasimama, nikarudi. Wanafunzi waliifahamu ratiba yangu kuliko mimi. Jioni mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kifundo. Nilimpa mke wangu maji, akanywa. Nilishusha pumzi, na hapo ndipo nilipotambua kwamba tangu asubuhi nilikuwa nikingoja kuona kama atakunywa.

Jumatano injini iliingia. Ilikaa ndani ya fremu kwa namna iliyopendeza macho, na tulishangilia. Fundi aliinama, akatambaa huku na huku, kisha akatoka akiwa amevua kofia.

"Ina masikio matatu ya kushikia," alisema. "Mawili ya nyuma nimeyapata. Hili la mbele kulia limevunjika. Sijui lilivunjikia Kongwa au lilivunjikia hapa, Mungu ndiye ajuaye. Linahitaji kipande cha chuma kilichokunjwa na kutobolewa matundu manne. Hapa hakuna mhunzi wa kazi hiyo. Yuko Kongwa."

"Baiskeli," kaka akasema. "Kwenda na kurudi katika matope haya, kesho kutwa asubuhi nitakuwa hapa."

Kesho kutwa ilikuwa Ijumaa. Ijumaa ndiyo siku ambayo, kama tungeondoka Jumanne kwa miguu, tungekuwa tunaingia Dodoma. Nilisimama pale uani, kichwa kikiwaka, na hapo nikasema neno ambalo hakuna aliyenishauri wala kunilazimisha kulisema. Watu husema kwamba lilikuwa wazo la fundi. Si kweli. Lilikuwa langu.

"Tuifunge kwa ngozi," nilisema.

Nieleze kwa wasiojua. Kwetu, mpini wa shoka ukipasuka, au mguu wa kigoda ukilegea, hakuna anayetafuta msumari. Hukatwa mkanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe, ukazungushwa ungali umelowa, ukavutwa kwa meno na kufungwa, kisha kitu kile kikawekwa juani. Ngozi ikikauka hujikaza hadi mbao hulia. Baba yangu alikuwa na shoka lililofungwa hivyo kabla sijazaliwa, na nililitumia nikiwa mtu mzima.

Fundi alinitazama. "Ngozi ni ya jembe, Mwalimu. Hii inatetemeka."

"Na jembe halitetemeki likigonga jiwe?"

"Jembe halipiti mtoni."

Alisema hivyo. Nilimsikia kwa masikio yangu haya. Lakini nilikuwa mwalimu na yeye alikuwa fundi, nilikuwa na mke mwenye mkono uliovimba, naye hakuwa na hoja ya pili. Kaka alikwenda zizini akarudi akivuta ndama dume wa mwaka mmoja na nusu. Fundi ndiye aliyechinja, kwa kuwa bila hivyo yeye asingekula. Majirani walioona moshi walikuja wakidhani kuna msiba au posa.

"Ndama wa nini?" mzee mmoja aliuliza.

"Wa injini," kaka akajibu.

"Siku hizi zinakula nyama?"

Watu walicheka, wakapewa nyama, wakakaa. Mimi na fundi tulikata mikanda ya upana wa vidole vitatu, tukapachika kipande cha mkwaju kati ya injini na fremu, tukazungusha mikanda ile mara kumi na moja, tukivuta hadi viganja vikachubuka. Ilibaki nafasi ya vidole viwili tu kati ya pangaboi la injini na rejeta. Alhamisi kutwa jua lilitoka kali kama lilivyo baina ya mvua kwetu, na ngozi ikakauka. Nilikuwa nikienda kuigonga kwa ukucha. Kufikia saa kumi ililia kama chuma. Moyoni mwangu ilikuwa tayari ni chuma, na hilo ndilo kosa langu hasa: nilisahau kwamba kila kitu nilichowahi kukiona kimefungwa kwa ngozi kilikaa ndani ya nyumba ya tembe, mahali pakavu, na kwamba hakuna mwanamke wa kwetu anayeacha kigoda cha ngozi nje usiku wa mvua.

Jioni ile fundi alikaa mahali pa dereva, akabonyeza stata kwa kisigino. Injini ilikohoa mara mbili, kisha ikashika. Sijawahi kusikia sauti iliyonifurahisha hivyo, wala sitaki kuisikia tena. Ile ya zamani ilikuwa ikigonga kama mtwangio. Hii ilivuma sawasawa, na motokaa nzima ya magurudumu ya mbao ilitetemeka kama punda aliyetandikwa tandiko la farasi. Kaka alilia machozi. Fundi alisema, "Alhamdulillahi," akazima, akaiangalia ngozi.

Ijumaa alfajiri tuliondoka watu wanne: kaka kwenye usukani, fundi kando yake, mimi na mke wangu nyuma katika sanduku la mbao juu ya blanketi. Mwendo ulikuwa mzuri. Mke wangu alikuwa na homa, lakini aliimba kidogo. Mara moja akaniambia, "Mume wangu, ningejua motokaa inapatikana kwa kuumwa, ningeumwa mapema." Nilimwambia anyamaze apumzike.

Tulifika mtoni jua likiwa limepanda. Kaka alishuka akapima kina kwa fimbo. Maji yalifika katikati ya mapaja.

"Jana yangekuwa magotini," alisema. "Usiku imenyesha huko juu."

"Tutapita," nilisema.

Aliivusha polepole. Maji yaliingia chini, yakafoka juu ya injini yenye joto, mvuke ukapanda, lakini haikuzima. Nilipiga makofi. Ng'ambo palikuwa na mteremko wa matope wa kupanda, na magurudumu yakawa yanazunguka bila kusogea. Yalipita kama dakika ishirini tukitandika matawi, mimi na fundi tukisukuma, kaka akikanyaga mafuta, na muda wote huo ngozi ilikuwa ikidondosha maji mbele ya macho yetu. Kisha gurudumu likashika ardhi ngumu, kaka akaongeza mafuta, injini ikavuta kwa ile nguvu yake yote ya kisasa, nikaona kwa macho yangu upande wake wa kulia ukiinuka na kuja mbele, kama mtu anayejigeuza kitandani.

Sauti iliyofuata ilikuwa ya bati likichanwa. Pangaboi lilikuwa limeingia ndani ya rejeta.

Kaka alizima. Maji ya moto yalimwagika yote katika matope, yakatengeneza kijito chake kuelekea mtoni. Fundi alifungua kifuniko. Mikanda ile iliyolia kama chuma ilikuwa imelegea, laini, ikining'inia kama utumbo. Niliishika. Ilinyooka mkononi mwangu.

Fundi hakunikumbusha maneno yake. Ningependa angenikumbusha. Alisema tu, "Mirija minane imekatika. Nikiibana mmoja mmoja, na tukiifunga injini kwa minyororo ya mizigo, saa tatu. Nne. Tutafika leo leo, Mwalimu."

"Saa nne," kaka akasema. "Mdogo wangu, bado tutawahi kuliko miguu."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kuhesabu. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo kusema sawa, nilipogeuka na kumwona mke wangu ameshuka. Alikuwa amefunga blanketi katika kanga, amejitwisha kichwani kwa mkono mmoja wa kushoto, viatu vyake vikiwa juu ya mzigo.

"Mimi naondoka," alisema.

"Ngoja kidogo, tazama, fundi anasema—"

"Fundi alisema siku mbili Jumatatu. Leo ni Ijumaa. Nimengoja kwa sababu umesoma. Sasa wewe kaa na injini yako, mimi nina miguu miwili na hakuna aliyeniuma huko."

Akaanza kutembea. Kaka alitazama chini. Niliokota chupa ya maji na mfuko wa viazi, nikamfuata, na sikumuaga fundi, jambo ambalo baadaye nilimwomba radhi.

Tulitembea kutwa ile, na Jumamosi, na Jumapili. Hakuna lori wala gari lolote lililotupita, kwa sababu ya hali ya barabara. Tulilala kwa watu tusiowafahamu, ambao hawakutuuliza kitu kabla ya kutupa ugali. Jumamosi mke wangu alitapika mara tatu, na kila alipotapika nilimpa maji, nikamtazama koo. Jumapili alikuwa akitembea akiwa amefumba macho, ameshika ncha ya fimbo yangu. Siku nne za kwenda kwa miguu zilikuwa zimekwisha siku mbili nyuma, nasi tulikuwa tukizitembea kwa mara ya kwanza. Nilijaribu kusali, nikaona kwamba badala ya kusali ninapiga hesabu: tungeondoka Jumatatu ile ile, tungelala wapi, tungefika saa ngapi. Nilizipiga hesabu hizo hadi zikawa kama wimbo wa kichaa, na bado sijaweza kuzinyamazisha kabisa.

Jumatatu saa tatu asubuhi, siku ya nane ukihesabu ile ya jeraha, tuliingia hospitali ya Dodoma. Daktari, Mwingereza mzee, alisikiliza, akauliza siku, akarudia kuuliza siku. Nilijibu. Aliniuliza kwa Kiingereza kwa nini tumechelewa, nami nikamwambia ukweli, kwamba tulikuwa tukibadilisha injini. Sindano ya kwanza iliingia tumboni mwa mke wangu nikiwa nimesimama pale. Niliziona zote kumi na nne.

Siku tuliyoruhusiwa nilimuuliza daktari kama tuliwahi. Alijibu kama mtu ninayemheshimu: hajui. Mnyama angepatikana angejua. Alisema tumwangalie mgonjwa miezi mitatu. Ikipita salama, tuna haki ya kushusha pumzi.

Nilisikia kwamba motokaa ilivutwa na ng'ombe kurudi Mlali, sikuiona ikivutwa. Niliiona uani kwa kaka, na kipande cha chuma cha Kongwa, chenye matundu manne, kimekaa vizuri mahali pake. Kaka aliitumia miaka mingi, na wengi walikuja kuitazama. Mimi sikuipanda tena. Nilisikia vilevile watu wakisema kwamba sindano zilimponya mke wangu, na wengine kwamba bweha hakuwa na kichaa tangu mwanzo na tulihangaika bure. Hakuna kati yao anayejua, na mimi sijui.

Ninalolijua ni la miezi ile mitatu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilikaa kwenye kigoda nikimngoja anywe maji. Siku za mwanzo alinivumilia.

"Unanitazama koo kama mnunuzi wa ng'ombe," alisema siku moja. "Ninywe mangapi leo ndipo uende ukafundishe watoto wa watu?"

"Funda moja tu."

"Jana ulisema moja, ukangoja la tatu."

Kuna asubuhi alikataa, kwa kuwa alikuwa amekasirika, akamwaga maji chini. Aliniona uso. Akachota mengine, akanywa. Kuanzia siku ile hakunitania tena kwa jambo hilo. Alikuwa akija mwenyewe na kata mkononi, akasimama mahali penye mwanga.

Asubuhi ya siku ya mwisho ya mwezi wa tatu alichota maji mtungini, yakiwa ya baridi na kata imejaa. Alikunywa yote akiwa amesimama mlangoni, akameza funda baada ya funda bila kusita, akafuta mdomo kwa mkono wa kulia. Hilo nililiona.